Ukigusa Umecheza

Jumatatu, 2 Juni
Springi ya lori imetoa mihoro tisa, visu vyetu vya migombani. Kijana wetu Mugisha kagonga nyundo, mimi nimeshika koleo. Kuita rangi ya chuma ni kazi yangu hapa kiwandani Nyaishozi, miaka kumi na minane sasa. Chuma kikifika wekundu wa kahawa mbivu naita "Sasa!" na kinatumbukizwa majini. Kikipita hapo kikawa njano, kisu kitakatika tu siku moja. Leo nimeita mara tisa. Mara mbili nimebahatisha.

Jumatano, 4 Juni
Ukungu machoni uko pale pale. Nimenawa macho mara tatu, nikausingizia moshi. Mke wangu kauliza mbona siku hizi naandika herufi kubwa kama bango la duka. Nimemjibu vibaya. Baba naye alikuwa mhunzi. Naye alianza na ukungu. Alimalizia maisha akishikwa mkono kwenda chooni. Naogopa. Haya, nimeliandika.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada, bao. Kila Jumapili wahunzi wote wanane tunacheza hapa hapa chini ya bati la kiwanda, moto umezimwa. Marufuku kuzungumzia kazi. Atakayeitaja analeta rubisi, pombe yetu ya ndizi. Na kete zinahesabiwa kwa macho, hakuna kupapasa. Ukigusa umecheza.
Mugisha kanifunga mara tatu. Mimi ndiye niliyemfundisha! Sioni kilichomo kwenye mashimo. Nimepitisha kidole kama mtu anayefukuza nzi.
"Ta Elia, ukigusa umecheza," kasema.
Wengine wamecheka. Yeye hakucheka. Kaniangalia tu.

Jumanne, 10 Juni
Mama Koku kaja na bodaboda kutoka Bugene. Muhoro wetu umemkatikia akipunguza majani ya migomba. Kipande kimeruka, kimemchana shavu. Kashonwa nyuzi nne, chini kidogo ya jicho. Alinunua kwetu Jumanne iliyopita. Ni mmoja wa wale tisa. Hakuja kugomba. Kauliza tu kama ameutumia vibaya.
Ta Leonidas, mkubwa wetu, kasema labda chuma chenyewe kilikuwa kibovu. Nikaitikia. Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimesema kichwa kinauma. Mugisha kaita rangi. Nadhani kaita sawasawa, sikuona.
Nilibahatisha miwili. Mmoja umeshakatika. Wa pili uko kwa nani? Kila bodaboda ikisimama nje, nainuka. Nangoja kuambiwa ni jicho.

Jumapili, 15 Juni
Zamu yangu na Mugisha. Nimeshindwa kuhesabu. Nikaweka kiganja chote juu ya bao, nikagusa mashimo yote.
Nikasema sioni. Nikataja kazi, yote: rangi, kubahatisha, shavu la Mama Koku. Nilingoja wanifukuze.
Ta Leonidas hakunitazama. Kaagiza mihoro minane iliyobaki itafutwe, nyumba kwa nyumba. Mugisha ataita rangi. Mimi nitavuta mivukuto. Mama Koku nitamwendea mwenyewe. Halafu kaniambia nimetaja kazi, kwa hiyo nitaleta rubisi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 19 Juni
Nimekwenda Bugene. Nimemwambia Mama Koku kosa ni langu. Kanikaribisha nikae, kisha kaendelea kumenya ndizi zake. Kovu sikuliona vizuri. Nikaona aibu hata kwa hilo.
Mihoro saba imerudi. Tumeigonga juu ya fuawe mmoja mmoja. Yote mizima. Basi ule mbovu ndio ambao haujapatikana. Wanasema ulinunuliwa na mtu wa Kituntu. Jina hawalijui.

Jumapili, 22 Juni
Muhoro wa Kituntu bado. Mugisha atakwenda tena kesho.
Jumatano ni daktari wa macho. Mke wangu atanishika mkono njiani. Nimekubali.
Nimepeleka rubisi. Sikutaka kucheza, wakanikalisha. Wamenilegezea sheria: Mugisha ananitajia kete za kila shimo, mimi nasema anichezee lipi. Tumekwenda hivyo taratibu. Kwenye shimo la mwisho kasema ziko nne.
Nilikuwa nimesikia tano zikidondoka. Nikamwambia ahesabu tena.