Watoto wa Laini ya Tatu

Jumatatu, 9 Agosti 1948

Siku ya nne ya kuhesabu. Mvua tangu asubuhi. Matope ya lokesheni yamenivua kiatu mara mbili, na mara ya pili watoto walicheka wakatawanyika kabla sijawaona vizuri ni wangapi.

Stoo ya ngano ninakofanya kazi imeniazima kwa serikali kwa wiki mbili, eti kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Laini ya Kwanza na ya Pili, safu mbili za vyumba, zimekwisha. Imebaki ya Tatu, tunakokaa sisi. Hii ndiyo naiogopa. Wageni wanamwogopa karani. Majirani wananijua.

Kwanza kuna taabu ya umri. Fomu inataka miaka. Watu hawana miaka, wana mambo. Huyu alizaliwa wakati wa nzige, yule alikuwa anachunga mbuzi reli ilipofika hapa. Mzee Kiptoo, mlinzi wa ghala la magome ya miti ya miwati, nilimuuliza ana miaka mingapi akasema, "Andika ile inatosha." Nikaandika hamsini. Akauliza kama hiyo inatosha kweli. Nikampa hamsini na tano, akaridhika.

Ni mzee wa pekee katika laini nzima. Sisibo, mji wetu huu, haina wazee. Mtu akichoka kazi anarudi kwao rizavu, kijijini. Nilipofika hapa kabla ya vita, hii lokesheni ilikuwa ya wanaume tu, kamba zote zimeanikwa mashati na kaptula. Sasa kamba zimejaa nepi. Wanawake wamewafuata waume zao, na hakuna chumba kisicho na mtoto anayelia. Bwana wa hesabu, mkubwa wetu wa ofisini, anataka kujua watoto hawa ni wangapi na wana umri gani, ajue bomba moja la maji litatosha mpaka lini. Mimi ninayepanga foleni kwenye bomba hilo ningemjibu bila fomu.

Jumanne, 10 Agosti

Siku mbaya. Vyumba vitano tu.

Kwetu mtu hahesabu watoto. Na si kwetu Bukusu peke yake, nimekuta karibu kila mlango ni hivyo hivyo. Ukiwataja kwa idadi umewaanika, kifo kitawaona. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi anajibu, "Si hao unaona." Ninaona watatu, nasikia wawili wengine nyuma ya pazia.

Mimi ni mtu wa misheni. Naona ni upuuzi na nimesema hivyo kwa sauti, jambo ambalo halikusaidia.

Katika laini mbili za kwanza nilipata njia. Sikuuliza watoto. Niliuliza asubuhi wanakunywa uji vikombe vingapi. Natoa cha baba na cha mama, kinachobaki naandika. Nilijiona mjanja sana. Leo nimefika Laini ya Tatu nikakuta kila chumba kina kikombe kimoja juu ya meza. Familia ya watu saba, kikombe kimoja. Mama mmoja alinitazama machoni akaniambia siku hizi wanapokezana.

Habari imefika kabla yangu. Nina hasira.

Jumatano, 11 Agosti

Nimemwendea Mama Nafula. Chumba chake na chetu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Mume wake yuko gengi ya reli huko Timboroa, anakuja mwisho wa mwezi. Mtoto wake ni mmoja tu, Nafula, mwenye maneno mengi, anayeniita Karani kama mtu mzima. Wanawake wote bombani humsikiliza Mama Nafula.

Nilimwomba ajibu fomu mbele yao. Nilimwambia ni kwa faida yao: shule, maji, dispensari. Nilimwambia hakuna kitakachotokea. Nilimpa neno langu.

Alisita. Akatazama ndoo yake ikijaa. Halafu akasema wazi, wote wanasikia, "Andika mmoja. Msichana. Miaka tatu." Akacheka, akaniambia sasa nina deni lake la sukari.

Baada ya hapo walisema wote. Hadi saa kumi nilikuwa nimemaliza vyumba vyote isipokuwa kimoja. Nimefurahi. Naandika hapa kwamba nimefurahi.

Alhamisi, 12 Agosti

Chumba hicho kimoja ni changu.

Nilikaa mezani na kitabu, nikaandika jina langu, la Rasoa mke wangu, umri wetu. Rasoa alikuwa ananyonyesha. Aliponiona nashuka mstari wa tatu aliweka mkono juu ya karatasi.

"Huyu hapana."

Nikamwambia kila mama wa laini hii amesema. Akasema hao ni wao. Nikamwambia ni sheria. Mkono hakuuondoa.

Najua anachofikiria. Tumezika wawili, mapacha. Mama yangu aliwanyooshea kidole kule nyumbani: mmoja, wawili, akamshukuru Mungu kwa sauti. Wa kwanza hakumaliza mwaka. Wa pili alimaliza mwaka na mwezi. Wekesa sasa ana miezi tisa. Rasoa hamnunulii hata kofia, asije akaonekana anamtegemea.

Alipokwenda kuteka maji nilimwandika. Wekesa, mwanamume, chini ya mwaka mmoja. Karani hawezi kuacha mtoto wake nje ya kitabu. Ningewatazamaje wengine?

Jumamosi, 14 Agosti

Nafula anaumwa. Macho mekundu, kikohozi. Jana alikuwa anakimbizana na wenzake.

Nimepeleka sukari. Mama Nafula akaipokea vizuri.

Jumapili, 15 Agosti

Surua. Dresa, mhudumu wa dispensari, amethibitisha. Na si Nafula tu. Wawili mwisho wa laini, mmoja Laini ya Pili.

Kanisani nilikaa benchi la mbele. Nilisikia nyuma yangu neno kitabu, na neno vikombe. Sikugeuka.

Surua ilikuwa mjini tangu mwezi uliopita. Nimeliandika hili hapa ili nilisome tena nikihitaji.

Jumatatu, 16 Agosti

Wamekuja wanawake sita asubuhi kabla sijapiga mswaki. Walisimama kwenye matope hawakutaka kuingia. Aliyesema ni yule wa kikombe kimoja. "Karani, toa watoto yetu kwa hiyo kitabu."

Niliwajibu vibaya. Niliwaambia surua haijui kusoma. Niliwaambia waende dispensari, wafungue madirisha, waache maneno ya kishenzi. Niliwaambia kitabu ni mali ya serikali na atakayefuta hata herufi moja atafungwa. Hilo la kufungwa nililitunga.

Waliondoka. Rasoa alikuwa nyuma yangu muda wote na mtoto mgongoni.

Jioni Wekesa amekataa kunyonya. Mwili wa moto.

Jumanne, 17 Agosti

Mama Nafula amekuja peke yake. Hakuja na hao wengine jana. Alisimama mlangoni, kanga imelowa, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alisema tu, "Baba Wekesa, nilisema kwa sababu yako. Sasa mtoe. Mmoja tu. Nani atajua?"

Kitabu kilikuwa mezani. Raba ilikuwa mfukoni mwangu, naisikia kwa kidole. Nikamwambia siwezi. Nikamwambia nikimtoa wake, kesho watakuja wote, na kazi yote itakuwa bure. Nikamwambia asali, na mimi nitaomba pamoja naye. Maneno yangu yalikuwa sahihi yote. Nilikuwa naogopa, nikaongea kama mhubiri.

Akasema, "Haya." Akarudi kwake. Ukuta ni mwembamba. Nasikia kikohozi cha Nafula, halafu cha Wekesa, halafu cha Nafula.

Jumatano, 18 Agosti

Vipele vimetoka. Nyuma ya masikio, shingoni, sasa tumbo zima. Analia bila sauti. Dresa ametoa vidonge vya kusagwa akasema tungoje. Hata kwa wale wawili wetu tuliowazika tuliambiwa tungoje.

Rasoa ameniuliza mara moja tu. "Ulimwandika?"

Nikasema hapana.

Akaniamini. Akakaa chini, akaweka kichwa cha mtoto kifuani, akafunga macho. Nilimwona mabega yakishuka. Nimemdanganya mke wangu na uongo ndio umempumzisha.

Saa sita mchana, Rasoa akiwa bombani, nilifungua kitabu. Siamini mambo haya. Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti huku nasugua. Nilifuta jina, nikafuta moja kwenye safu ya watoto, nikaandika sifuri, nikaikaza. Nikapuliza vumbi la raba.

Ukurasa uliotangulia ni wa Mama Nafula. Upo hapo hapo, ukigeuza tu karatasi. Raba bado ilikuwa mkononi.

Sikugeuza. Nilijiambia wake ni mkubwa, ana nguvu, miaka mitatu si miezi tisa. Nilijiambia nikifuta wawili wataona. Nikafunga kitabu.

Naona aibu. Hilo tu ndilo la kweli nililoandika wiki hii.

Alhamisi, 19 Agosti

Nimepeleka kitabu ofisini. Bwana wa hesabu amekifunua haraka haraka, akasifu mwandiko. Hakuona kitu.

Nilirudi kwa miguu kupitia daraja la mto Sosiani ili nichelewe kufika.

Homa haijashuka.

Ijumaa, 20 Agosti

Nafula amekufa leo saa moja asubuhi.

Nilisikia kupitia ukutani kikohozi kimeacha. Nilidhani amelala. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Halafu mama yake akaanza kulia.

Jumamosi, 21 Agosti

Baba yake ameshuka na treni ya mizigo kutoka Timboroa, bado na nguo za kazi. Tumezika mchana. Mvua ilikatika kidogo. Jeneza nimelipigilia misumari mimi, mbao za makasha kutoka stoo. Fupi sana. Mzee Kiptoo alishika upande mmoja, akauliza mtoto alikuwa na umri gani. Nikamwambia mitatu. Akasema hiyo haitoshi.

Hakuna aliyeninyooshea kidole. Yule wa kikombe kimoja alinipisha njiani kama anavyopisha askari.

Mama Nafula sikumtazama. Sikuweza.

Jumapili, 22 Agosti

Wekesa ametoka jasho alfajiri. Saa mbili akanyonya. Saa nne akanyonya tena, akamvuta mama yake nywele. Rasoa amecheka, kisha akaziba mdomo kwa mkono na kutazama ukuta.

Nataka kupiga kelele kwa furaha na sina haki nayo. Ni surua. Wengine hupona, wengine hawaponi. Wale wawili wa mwisho wa laini wamepona, na majina yao yako kitabuni mpaka sasa. Nimejisomea hili mara nyingi leo.

Ijumaa, 3 Septemba

Wameniita ofisini kuhakiki jumla ya lokesheni. Ukurasa kwa ukurasa, safu kwa safu. Bwana wa hesabu anashangaa jinsi watoto walivyo wengi. Anasema mji umebadilika, bomba moja halitoshi. Anasema Laini ya Tatu ndiyo safi kuliko zote.

Nimejumlisha watoto wa laini yetu mara tatu. Hesabu ni kamili. Anayeishi hayumo, aliyekufa yumo, na idadi ni ile ile inayocheza nje leo. Nimetia sahihi.

Jumapili, 12 Septemba

Jua. Matope yamekauka. Tumetoka kanisani.

Mama Nafula amekuja kuaga. Mume wake ameamua arudi nyumbani, chumba kitachukuliwa na watu wengine Jumatano. Rasoa alikuwa mlangoni anachagua maharagwe, Wekesa amemkaa mapajani.

Hakutaka kiti. Aliuliza kama Nafula bado yuko kwa kile kitabu. Nikasema yuko. Akauliza niliandika nini. Nikamwambia: Nafula, msichana, miaka mitatu, Laini ya Tatu.

"Basi usimtoe," akasema. "Wacha akae hapo."

Nikasema simtoi.

Akamtazama Wekesa, akamshika mguu. "Na huyu?"

Nikasema naye yuko.

Akaitikia kwa kichwa. Akatuaga, akaenda na kikapu chake.

Mkono wa Rasoa ulikuwa umesimama ndani ya maharagwe. Nilimwambia sikumwandika. Sasa amesikia kwamba nilimwandika. Ningeweza kumweleza kwamba baadaye nilimfuta. Lakini ingenibidi nimweleze na siku niliyofuta, na nani alisimama mlangoni hapo siku moja kabla akiniomba hicho hicho.

Rasoa amembeba mtoto ameingia ndani. Hajaniuliza kitu.

Maharagwe yamebaki kwenye ungo. Nimemalizia kuyachagua mimi.