Kadi ya Tarehe Iliyokufikia Kabla ya Mahari

Mpendwa dada Wangari,

Simu hazinitoshi. Kabla sijamaliza sentensi mwajiri wako anakuita, na mimi nabaki na maneno mdomoni. Acha nikuandikie yaliyotokea hapa Giakanja.

Unakumbuka tulipokuwa tukilala kitanda kimoja, na mimi nikiwa na ombi kwa Baba, wewe ndiye uliyelipeleka? "Nyamaza, nitamwambia," ulikuwa ukisema, nami najificha nyuma ya mlango. Kisha ukaenda Saudia, Mama akafariki ghafla, na ukanyimwa ruhusa ya kuja kumzika. "Hapa lazima uombe miezi mapema," ulilia. Tulimzika bila wewe. Tangu siku hiyo Baba hakukupigia hata mara moja, na ukipiga wewe, alitoka nje.

Kwa hivyo Muriithi aliponiambia tufunge ndoa Agosti, sikufikiria gauni. Nilitaka tarehe. Kanisa la kule Ruring'u lilipotupa Jumamosi moja, nikatengeneza kadi ndogo kwenye simu: majina yetu, siku, mahali, na maneno "mwaliko utafuata". Ilikuwa Januari bado.

Muriithi alisita. "Hatujaleta ruracio," alisema. "Baba yako akisikia tumetangaza harusi kabla ya mahari, itakuwa shida." Tukakubaliana iende kwako peke yako, uionyeshe kazini.

Najua ni furaha iliyokufanya uiweke kwenye grupu ya familia. Asubuhi hiyo hiyo Tata Wairimu, dada yake Baba, alimpigia kutoka Naro Moru kumpongeza.

Baba alisimama mlango wa jikoni na viatu vya shamba. "Ati niko na harusi Agosti?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo niliyoiogopa. "Nani alikuja hapa kukuomba?"

Akasema Muriithi aje Jumapili pamoja na mjomba wake.

Walikuja. Mjomba aliomba radhi kwa heshima zote, lakini Baba hakulainika. "Mtu hatangazi siku ya kuchukua binti wa wenyewe kabla hajabisha hodi," alisema. "Hiyo tarehe muiondoe." Muriithi aliinamisha kichwa, nikaona anakaribia kukubali.

Hapakuwa na wa kunisemea, dada. Nikasimama.

"Baba, mazishi hayatumi kadi mapema. Ya Mama hayakumpa Wangari nafasi. Hii harusi inampa miezi saba. Tarehe ikibadilishwa ataomba ruhusa upya, watamkatalia, na nitaolewa vile tulivyomzika Mama. Bila yeye."

Baba aliweka kikombe chini.

"Nilidhani hakutaka kuja," akasema.

"Alikatazwa."

"Mbona hakuniambia?"

"Kila akipiga, ulikuwa unatoka nje."

Nilifikiri atanifukuza mbele ya wageni. Badala yake alimgeukia mjomba wa Muriithi. "Leteni ruracio mwezi ujao," alisema. "Tarehe ibaki." Akachukua kofia yake, akaenda zake hadi jioni.

Wengine watapata kadi yao ruracio ikishapita, kama inavyofaa. Yako ilibidi itangulie. Nilijua hivyo siku ile, ila sikujua ingetugharimu usingizi kiasi hicho. Zile siku tulizongoja jibu la mwajiri wako, Baba hakuniuliza kitu, lakini kila simu yangu ikilia tukiwa mezani aliacha kutafuna.

Ulipotuma ujumbe kwamba umekubaliwa, nilimsomea. Aliniambia, "Mpigie." Aliishika simu kwa mikono miwili. Akasema, "Wangari," nami nikawa nakusikia ukilia huko. Mwisho akasema, "Agosti huku ni baridi sana. Ubebe sweta," akanirudishia.

Baadaye ukaniuliza kama bado ana hasira. Dada, baada ya simu ile alikaa chini na kufunika uso kwa mikono, akasema, "Huyo mtoto amekuwa peke yake wakati huu wote." Nilikaa naye mpaka akatulia. Nimeona uyajue haya kabla hujapanda ndege.

Nakungoja nyumbani,
Mdogo wako