Jani la Isale Kizingitini kwa Bi Kuruthumu

Mpendwa Mama Sadalla, shikamoo.

Naomba msaada wako, na naomba unijibu haraka hapo gazetini kwako, maana mwezi ukiisha kuna mtu asiye na kosa atahamishwa nyumbani kwa sababu yangu, na mimi nimenyamaza kama maji mtungini.

Mimi ni kijana wa Kibosho, Kilimanjaro, nimekuja Dar es Salaam mwaka huu kusomea shahada ya pili ya elimu ya mimea pale Mlimani, na kwa kuwa vyumba vya chuo vilikuwa vimejaa, baba yangu mdogo Severine, anayeuza viazi na vitunguu kwa jumla Kariakoo, akanitafutia chumba Mtaa wa Sikukuu kwenye nyumba ya mama mmoja mjane aitwaye Bi Kuruthumu, na sitasema uongo Mama, yule mama alinipokea kama mwanawe wa kumzaa, siku ya kwanza tu alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mbona mwembamba hivi, huko kwenu hakuna mama?" na jioni akaniletea wali wa nazi na mchuzi wa samaki kwenye sahani ya bati yenye maua ya buluu, akaniambia ni sahani ya mwanawe Abbasi, ambaye serikali imempeleka Urusi kusomea udaktari.

Tangu siku ile sahani ikawa inakuja kila jioni, nami ingawa kwetu tumezoea ndizi na maziwa na yule samaki mwenye kichwa alinitisha, nilikula, nikapenda, nikaanza kunenepa, na nilikuwa nimeshaacha kuwaota ndugu zangu kila nikilala. Tatizo likaanzia chuoni, maana kule mchana kutwa tunajadili kujitegemea na unyonyaji na makupe wanaoishi kwa jasho la wenzao, na rafiki yangu Eliasi akanitania mbele ya watu, "Isidori anahubiri kujitegemea huku analishwa na mjane!" wakacheka wote, na mimi lile neno likanichoma, nikaenda nikanunua jiko la mafuta ya taa, nikawa napika chumbani nimefunga mlango, na sahani ikija nasema nimeshiba.

Lakini harufu ya kitunguu haifungiwi mlango, Mama. Jioni moja akasimama mlangoni na sahani yake mkononi akaniuliza taratibu, "Mwanangu, chakula changu kina nini?" nami kwa kiherehere changu nikajibu, "Hakina kitu Mama, ila mimi sitaki kuwa kupe." Hakusema neno, akageuka na sahani yake, na tangu hapo nikimwamkia anaitikia marahaba bila kunitazama, wala haniiti mwanangu tena, ananiita "mpangaji wa chumba cha mbele", na mimi sikuwahi kulia tangu tulipomzika babu, lakini kwa neno hilo nililia.

Sasa kwetu kuna jani tunaliita isale, tunalipanda mipakani na makaburini kwa wazee, na mtu akimkosea mwenzake hulifunga fundo jani hilo likapelekwa kwa aliyekosewa, na hata kama aliapa kutosamehe, akiliona lazima asamehe. Nikamwagiza dereva wa lori la baba mdogo akaniletea kutoka nyumbani, nikalifunga vizuri, alfajiri nikaliweka kizingitini pa chumba chake, nikarudi kitandani moyo mweupe, nikijua akifungua mlango tu mambo yamekwisha.

Kilichofuata ni mayowe. Bi Kuruthumu alitoka kwenda kutawadha, akalikanyaga, akapiga ukelele wa "Nimerogwa jamani, nani kanitegea!" nyumba nzima ikatoka, shehe akaitwa akasoma, jani likachomwa uani na ubani juu yake, na macho yote yakamgeukia Sitara, mpangaji wa chumba cha uani anayeshona nguo, kwa sababu juzi yake waligombana na Bi Kuruthumu juu ya kamba ya kuanikia nguo. Sitara aliapa kila kiapo anachokijua lakini hakuna aliyemsikiliza, akaambiwa mwezi ukiisha ahame na cherehani yake, na mimi mwenye jani, ninayelijua mpaka jina lake la kisayansi, nilisimama pale na shati langu la kulalia, kisha nikarudi chumbani nikafunga mlango.

Nikisema, nitaitwa mchawi mtaa mzima na baba mdogo ataaibika sokoni, nikinyamaza Sitara anaondoka, na Bi Kuruthumu mwenyewe amekonda, halali sawasawa, mlango wake anaufungia kwa komeo na kuuegemeza kinu. Nimepata chumba Magomeni, nafikiri nihame kimya kimya, kisha nikishatulia huko nitafute njia ya kumweleza. Nifanye nini, Mama? Nampenda yule mama na sijui nitamrudiaje.

Mwanao aliyeshikwa na haya,
Isidori, Kariakoo

*Mama Sadalla anajibu:*

Isidori mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikasonya, kisha nikaisoma tena machozi yakanilenga. Kwanza tuondoe hilo la Magomeni. Magomeni ndiko ninakokaa mimi, na ukithubutu kuhamia huku na jambo hili bado bichi, nitakusaka nyumba kwa nyumba na mwiko mkononi.

Hebu niambie wewe mtaalamu wa mimea. Mtu wa pwani akiamka alfajiri akakuta jani la kigeni limefungwa fundo kizingitini kwake, ulitaka afikiri nini? Kwamba kaletewa mboga? Mama wa watu anaishi peke yake, mume kafa, mwana yuko ng'ambo, halafu wewe unamtegea fundo gizani! Mimi ningepiga mayowe mpaka Ilala wasikie.

Tena nina jirani yangu, Theopista, ni Mchaga mwenzako. Nimemsomea barua yako, akashika kichwa. Ananiambia isale haliachwi chini kama ganda la ndizi. Linapelekwa na mtu mzima, mkononi, na maneno yanasemwa. Kumbe umekosea mila za kwetu na za kwenu pia, kijana wangu! Na najua kwa nini. Ulikuwa unaona haya. Ulipika umefunga mlango, ukaomba radhi umefunga mlango, na sasa unataka kuhama umefunga mlango. Utaishi na watu lini?

Na hilo la kupe, Mungu akusamehe. Mwanamke kasimama na sahani ya moto mkononi, wewe unamsomea siasa! Kupe hunyonya asiyempa. Wewe ulipewa, tena kwa mapenzi. Kama ulitaka kujitegemea, huku kwetu njia yake iko wazi: sahani ikija na wali, hairudi tupu. Utatia limau, utatia kiazi, utatia hata chumvi. Baba yako mdogo ana magunia ya vitunguu, na hukuwahi kumpelekea mama huyo hata kitunguu kimoja cha kukaangia huyo samaki uliyekuwa ukimla? Hapo ndipo ulipokosea. Huyo Eliasi naye mwambie akale kwake.

Sasa sikiliza, na uyafanye leo, gazeti likiwa bado mkononi. Anza na Sitara. Mwambie yeye kabla ya mtu mwingine, na akikutukana, inama upokee, amebeba mzigo wako vya kutosha. Kisha nenda sokoni kwa baba yako mdogo umweleze kila kitu. Ndiyo, atafoka. Akishamaliza kufoka, aache duka kidogo mfuatane, maana radhi kubwa haiendewi peke yako. Nendeni alasiri, jua likiwaka, mpige hodi, mvue viatu, wapangaji wote waitwe. Neno lako la kwanza liwe hili: "Jani ni langu, Sitara hana kosa." Kujitetea baadaye. Jani jingine usiende nalo, mama hajalala siku zote hizi wewe unataka kumzimisha moyo! Siku atakapolicheka jambo hili mwenyewe, ndipo umwonyeshe.

Unaogopa kuitwa mchawi? Mchawi gani huyo anayekuja mchana kweupe, amefuatana na baba yake? Utaona haya, uone. Haya yako ya siku moja ni nyepesi kuliko cherehani ya Sitara kichwani akitafuta chumba.

Na hilo jiko lako litoe chumbani kabla hujaunguza nyumba ya watu. Liweke uani, Jumapili uwapikie ndizi na nyama za kwenu, mle pamoja, na Sitara apakuliwe wa kwanza.

Limebaki la sahani, na hili ndilo lililonitoa machozi. Mama yeyote mwenye mwana ng'ambo hampi mtu sahani ya mwanawe hivi hivi. Kila akikupakulia, yule alikuwa anamwomba Mungu wake kwamba huko kwenye baridi ya Urusi kuna mama wa watu anamtazama Abbasi juu mpaka chini na kumwuliza mbona mwembamba. Nawe ukamrudishia sahani ikiwa imejaa. Umeelewa sasa kwa nini hakusema neno?

Kwa hiyo akikupakulia tena, na atakupakulia, kula umalize. Kisha fanya jambo ambalo mgeni hafanyi na mpangaji hathubutu: ingia jikoni kwake, umwombe ukoko.