Droni Inayotaja Niliposimama

Mocímboa da Praia

Mama Rukia, mke wangu,

Assalaam alaikum. U hali gani huko Mtwara, na watoto wanaendeleaje? Mama kikohozi kimemwachia? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio umejaa hofu, na sina wa kumwambia ila wewe.

Kazi huku ng'ambo ya Ruvuma ni ile ile: narusha droni ya kampuni, napiga picha mapaa yaliyobomoka vitani ili wajenzi wajue pa kuanzia. Sasa imetoka amri kwamba kila droni itangaze hewani namba yake, na pia mahali aliposimama anayeirusha. Askari wakiiona juu wanaangalia simu, wanajua ni ya nani. Niliona jambo jema, maana hapa watu wakisikia mvumo ule wanazima moto na kuingia ndani. Lakini tangazo hilo husomwa na simu yoyote, na wenye simu si askari peke yao.

Uvivu wangu wa jua unaujua. Nilikuwa narushia uani kwa Bi Atija, mama mtu mzima aliyenipangisha chumba, kwa kuwa pana kivuli na chai haiko mbali. Juzi nikiwa bandarini, akaja mlangoni mtu ambaye Bi Atija hamjui.

"Mrusha droni ametoka?"

"Nani kakwambia hapa kuna mrusha droni?" Bi Atija akamuuliza.

"Si anakaa pale, karibu na jiko?"

Yule mgeni akaelekeza kidole nyuma ya ua wa makuti, mahali hasa ninapoweka kiti changu. Kutoka nje huoni kitu, na ndani hajaingia hata siku moja.

Niliporudi nilimkuta Bi Atija na wajukuu zake wote chumbani, komeo limefungwa. "Mwanangu, sikufukuzi," akaniambia. "Ila mimi na hawa watoto tunalalaje?"

Nikamwendea shefe wangu, mkuu wetu wa kazi, nikamwomba tuzime kile kitangazo. Akatikisa kichwa.

"Tukizima, hawa askari, tropa, watasema sisi ndio maadui. Abudo umeshamsahau?"

Abudo ni rafiki yangu hapa. Kidroni chake ni cha kujifurahisha tu, hakitangazi lolote, na kifaa cha kutangaza ni cha uwezo wa kampuni, si wa mtu kama yeye. Alikirusha kwenye harusi ya binamu yake. Askari wakakitungua, wakaondoka naye. Ameachiwa, lakini ukimsalimia anatazama kwanza nyuma yako.

Huenda yule mgeni alikuwa anatafuta kibarua tu, si mmoja wa wapiganaji wa msituni. Najiambia hivyo kutwa nzima, na bado siamini.

Mdogo wako fundi redio mwambie asivuke Ruvuma na kile kidroni alichojiundia. Huku hakuna atakayemuuliza kama ni cha kuchezea. Nisalimie mjomba muuza samaki na shangazi anayekusaidia watoto. Mama msalimie sana, ila haya usimsomee.

Kwa Bi Atija nimehama. Kazi siwezi kuiacha kabla mkataba haujaisha, kwa hiyo kesho narusha tena. Nimechagua uwanja mtupu mwisho wa mji, usio na nyumba hata moja karibu, ili anayekuja kunitafuta asimkute mtu mwingine.

Mumeo akupendaye,
Baba Rukia