Sindano ya Joto na Arusi ya Dorika

Siku ya kwanza, tarehe 8 mwezi wa saba

Maziwa imechelewa leo. Mwenye kuileta alitoboka pneu ya gurudumu njiani. Nimeipasha, nimetia dawa ya kugandisha, nimefunika. Fromaji, jibini yangu ya leo, itakuwa laini kupita. Haizuru. Watu wa Bunia watakula tu.

Papa Gloria, bwana yangu, amepiga simu toka Kasenyi, ku ziwa. Bato iko na shida. Sindano ya joto, ile ya kuonyesha joto ya motere, imepanda mpaka kwenye nyekundu na haitaki kushuka. Amezima, amewasha, ni vile vile. Anasema hataingia ku maji na motere ile. Na arusi ya dada yake Dorika ni siku ya posho, Jumamosi, kule kaskazini, ku kijiji cha bwana-arusi, chini ya milima, pahali barabara haifiki. Familia yote inategemea bato yetu.

Nilicheka kwa simu. Yeye hakucheka.

Siku ya pili, tarehe 9

Namwelewa. Motere yetu ya zamani ilipata moto, ikakamatana katikati ya ziwa. Sindano ilipanda, abiria walikuwa na haraka, naye aliendelea. Walielea mpaka wavuvi waliwakokota na pirogi, mitumbwi yao. Hakuna mutu alikufa, Mungu asifiwe. Lakini tangu ile siku bwana yangu anaangalia sindano kuliko anavyoniangalia miye.

Ametuma nimutafutie sonde mupya. Sonde ni kile kidude cha shaba kinaingia mu motere, kinasikia joto ya maji, na kinapeleka habari ku sindano kwa njia ya fili moja, waya mwembamba. Motere yetu ilitoka ku kamiyoneti, basi nimezunguka kwa wauza vipande vya magari. Wa kwanza hana. Wa pili anataka kuniuzia taa. Kwa wa tatu nimepata! Nimerudi nyumbani nikiimba, nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi, na muendeshaji akaitika.

Mama mukwe yangu amefunga mizigo yake tangu jana. Amekaa juu yake. Hataki kuinuka hata kwa kula.

Siku ya tatu, tarehe 10

Kasenyi. Vumbi mpaka ndani ya masikio. Lakini pale juu ya mutelemuko ziwa ilitokea chini yetu, yote kwa mara moja, na roho yangu ikaruka. Kila mara ni vile.

Tumeweka sonde mupya. Tumewasha. Sindano: nyekundu. Pale pale, hata motere haijapata joto. Papa Gloria alikaa ku jiwe.

“Imekwisha,” alisema. “Motere inajipika.”

Nikakasirika. Nilimwambia motere yenye kulala baridi usiku kucha haiwezi kujipika kwa dakika moja. Alinijibu kwamba miye ni mutu wa maziwa, nisimufundishe motere.

Ndiyo, mutu wa maziwa. Njo sababu nilibeba termometre yangu ya fromaji ndani ya kitenge. Inafika mpaka mia. Tuliacha motere inguruma muda mrefu, nikakinga maji yenye kupoza motere, yenye kutoka ku bomba ya kando, nikatumbukiza termometre. Hamsini na kitu. Maziwa yangu inaona moto kuliko ile.

Alisoma yeye mwenyewe. Akafuta kioo na shati, akasoma tena. Kisha akaanza kucheka, na miye nikacheka, mpaka wanawake wenye kuanika samaki wakatuuliza tumekunywa nini.

Basi sindano inasema uwongo. Lakini bado hataki kutoka. Anasema: nikienda na sindano ya uwongo, siku itapanda kwa kweli nitajuaje? Yeye iko na haki. Inaniuzi sana kuona iko na haki.

Siku ya ine, tarehe 11

Siku muzuri! Nitaandika yote.

Papa Gloria alichomoa fili ku sonde. Ilipaswa sindano ishuke, maana hakuna tena wa kuipa habari. Haikushuka. Akachomoa fili ile ile upande wa pili, nyuma ya sindano. Pap! Ikaanguka mpaka baridi. Tulipiga kelele kama watoto. Sindano ni nzima. Sonde ni nzima, na ile ya zamani pia ilikuwa nzima, maskini. Shida iko katikati. Fili imechubuka pahali fulani na inagusa chuma, na ikigusa chuma sindano inazania ni moto.

Kilichobaki ni kutafuta pahali. Tuliinua mbao za chini. Harufu ya mafuta ya mazutu, maji meusi, magamba ya samaki. Mukono yake ni munene, haipiti. Yangu inapita. Nililala kifudifudi nikaifuata ile fili kwa vidole, pole pole, toka nyuma kwenda mbele. Jua ilinichoma mugongo. Nilikata tamaa mara moja, nikaendelea. Karibu na batri kidole yangu kikasikia kitu ya kuchoma. Bulo moja, kichuma cha kukazia, ilikuwa imeuma fili mpaka ndani. Shaba ilikuwa wazi, inang'aa.

Kitu ndogo vile! Imetusumbua karibu juma nzima.

Amekata, ameunganisha, amezungusha skochi ya kunata, amepitisha fili mbali na bulo. Tumewasha. Sindano ikabaki chini. Tukangoja. Ikaanza kupanda pole pole kama mutu mwenye heshima, ikafika katikati, ikasimama.

Papa Gloria alicheza ndani ya bato. Hajui kucheza. Nampenda.

Siku ya tano, tarehe 12

Familia imeshuka toka Bunia na mabeseni, magodoro, kuku, ngoma. Mama mukwe ameuliza kama motere imepona. Nikasema haikugonjwa. Akasema: “Basi mulikuwa munafanya nini siku zote hizi?”

Nimemusuka Dorika nywele. Aliniuliza kama miye pia niliogopa siku ya arusi yangu. Sana, nilimwambia. Akapumua.

Siku ya posho, tarehe 13

Naandika na miguu inaniuma kwa kucheza.

Tuliondoka asubui. Ziwa tulivu. Watu wanaimba, ngoma juu ya mizigo. Njiani nikaona bwana yangu ameacha kuimba. Nikaangalia sindano. Ilikuwa imepita katikati. Inaendelea kupanda.

Alizima motere. Wimbo ukakatika. Tukaanza kuelea, na niliona uso wake ukirudi kule, ku ile siku ya zamani. Mama mukwe akasema kwa sauti: “Si mulisema mumetengeneza?” Mushemeji mumoja akasema awashe tu, tutachelewa, ile sindano tunaijua ni ya uwongo. Papa Gloria akaniangalia.

Niliinama ku bomba ya kando, nikamwomba awashe kidogo tu. Maji haikutoka. Moshi tu na matone. Nikamwambia: “Zima. Leo inasema kweli.”

Alivua koti ya arusi, akampa Dorika, akaruka ndani ya maji na suruali yake muzuri. Chini ya bato majani ya ziwa yalikuwa yameziba pahali maji ya kupoza motere inaingilia. Akayatoa, akayatupa juu, yakaanguka ku magoti ya mama mukwe. Hakuna mutu alithubutu kucheka. Kisha yeye mwenyewe mama mukwe akacheka, na bato yote ikalipuka kwa kicheko.

Akawasha. Maji ikaruka kando, nyingi, safi. Sindano ikashuka mpaka katikati.

Tulifika tumechelewa. Watu wa bwana-arusi waliingia ziwani mpaka ku magoti, wakiimba, wakambeba Dorika ili nguo isilowe. Kaka yake ndiye alimutoa kwa bwana-arusi, akiwa bado anatiririka maji. Alilia mbele ya watu wote. Na miye.

Siku ya yenga, Jumapili, tarehe 14

Tumerudi mchana, siye wawili tu. Wengine wamebaki kula, tutarudi kuwachukua.

Bwana yangu alinipa usukani, akasema anapumzisha mugongo kidogo. Akajilaza ku magunia. Motere ilinguruma sawa sawa. Nilipogeuka alikuwa amelala, kinywa wazi, mikono imelegea. Sijamuona vile ku maji tangu motere ya zamani ilikamatana.

Kasenyi ilipotokea, sikuelekea ku nchi kavu. Nilizunguka mbali kidogo, ili alale.