Asali ya Ukweni

Kasulu,
19 Agosti 2014

Kwako dada yangu mpendwa Verediana,

Mwakeye, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako linalolalamika kila msimu wa vumbi limekupa nafasi ya kwenda shamba na kanisani. Shemeji naye hajambo? Kikohozi kimepungua? Msalimie sana Renatus, mwambie mjomba wake anamkumbuka kila siku, na sababu ya kumkumbuka hivyo ataijua ukimsomea barua hii. Sisi hapa Kasulu hatujambo. Kezia anakusalimu. Maharage tumeshapiga na kuanika, na yule mbuzi uliyetuachia amezaa mapacha, mmoja ana kelele kama wewe ukiwa jikoni. Usikasirike, ninakutania kidogo kwa sababu huko mbele hakuna utani.

Nasema hatujambo kwa kuwa barua huanza hivyo. Mimi sijambo nusu tu, na nusu nyingine naogopa. Naogopa sana, dada. Simu ningeweza kupiga, lakini simu yako hupokelewa na kila anayepita sebuleni, na isitoshe, mara mbili nilibonyeza namba yako nikakata kabla haijaita. Mdomo umenishinda, ngoja nijaribu mkono.

Barua yako niliipata Jumapili. Umeandika kwamba Ijumaa hii utapanda basi uje mwenyewe kwa bosi wangu, Bwana Elisante, umwambie amfukuze kazi utingo wangu, Pasikali, kwa sababu aliiba asali ya posa ya Renatus njiani. Umeandika pia kwamba mkimbizi ni mkimbizi hata akipewa uraia, na kwamba ulijua tangu mwanzo. Nakuomba kwa jina la mama yetu, usipande basi kabla hujafika mwisho wa karatasi hizi. Nampa dereva wa basi la kesho asubuhi akuletee mkononi.

Nianzie mbali kidogo, maana jambo lenyewe lilianzia mbali.

Unakumbuka mwaka jana nilivyokonda, mkasema Kezia hanipikii? Masikini Kezia alisemwa bure. Nilikuwa nakunywa maji ndoo nzima na kiu haiishi, nasimamisha gari kila baada ya kilima nikajisaidie. Nilipokwenda hospitali, daktari, mama mmoja wa kutoka Upareni anayeitwa Asnath, alinipima akaniambia ni kisukari. Tulianza na vidonge, vidonge vikashindwa. Tangu Februari najidunga sindano ya insulini asubuhi na jioni, tumboni, hapa chini ya mkanda. Kezia ndiye pekee aliyejua. Friji hatuna, kwa hiyo dawa inakaa ndani ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga mbichi, na kila asubuhi Kezia anaunyunyizia maji kama anayemwagilia mche. Ulipokuja Pasaka ukauliza mle mna nini, nikakujibu ni chachu ya togwa. Nisamehe.

Utauliza kwa nini nilificha. Wewe wajua nyumba yetu inakula nini: inakula usukani. Sina kazi nyingine mikononi. Wenzangu tunaopakia mahindi nao walikuwa na simulizi ya dereva mmoja aliyesema wazi kwamba anadungwa, na jioni hiyohiyo akanyang'anywa funguo, sasa anasukuma mkokoteni wa maji. Sijui kama ni kweli, lakini niliiamini yote. Nilipokwenda kuhuisha leseni, palipoulizwa magonjwa niliandika sina. Kalamu haikusita hata kidogo, na hilo ndilo linanishangaza mpaka leo.

Daktari Asnath alinigombeza sana. Alisema kuna nchi ambako watu wa sindano wanaendesha malori makubwa kuliko langu, kwa ruhusa, ila kwa masharti: unajichoma kidole upime kabla ya kuwasha gari, sukari ikiwa chini huondoki, unasimama kila baada ya saa mbili upime tena, unakula kwa wakati, kitu kitamu hakikosekani karibu na mkono wako, na aliye pembeni yako ajue dalili. Nikamuuliza, je, hapa kwetu? Akasema hapa kwetu itategemea moyo wa mwenye gari, lakini anayeficha hana hata hiyo bahati ya kujaribu. Akaniambia kilicho hatari barabarani si kisukari changu, ni siri yangu. Akaniandikia barua nimpelekee Bwana Elisante, pamoja na kunipa mashine ndogo ya kupimia. Barua hiyo niliitia mfuko wa shati mwezi wa tano. Imefuliwa mara moja, ikakauka, bado ninayo.

Sasa nije kwenye ile siku. Wiki ya mwisho ya Julai nilikuwa huko kwenu Kibondo kupakia maharage ya Mabamba, nawe ukanikabidhi lile dumu la asali nitangulie nalo, siku ya posa nilipeleke Heru Juu, kwa wazee wa Elieth, binti anayeposwa na Renatus, kwa kuwa mimi ndiye mjomba na mkono wa mjomba ndio unaopeleka. Nakumbuka ulivyolikagua. Mama mkwe wako alikuwa amelifunga mdomo kwa kamba ya mgomba, mafundo matatu, akaniambia asali ya ukweni hufunguliwa na ukweni. Ukalipakata mpaka garini kama mtoto mchanga. Pasikali akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka miguuni pake, akasema yeye mwenyewe atakuwa kifuniko chake.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilijidunga, nikiwa nimejificha chooni pale nyumba ya wageni, nikatoka kwenda kwa mama wa supu. Sindano ikishaingia, dada, chakula lazima kifuate, hakuna mjadala. Nilikuwa sijashika hata kijiko, filimbi ikapigwa kwamba msafara unaondoka sasa hivi na si saa mbili kama tulivyoambiwa. Wajua utaratibu wa njia ile ya msituni: magari yanakwenda pamoja, polisi mbele na nyuma kwa ajili ya majambazi, na mkishaingia hakuna kusimama. Ukiachwa unangoja kesho. Ningeweza kungoja. Lakini ningemwambia bosi nini? Kwamba nilichelewa kwa sababu ya supu? Nikapanda na njaa yangu. Na kopo la glukosi ambalo kila siku hukaa chini ya kiti, nilikuwa nimeliacha nyumbani kusudi, kwa sababu bosi alisema atakagua gari kabla hatujaondoka Kasulu. Mashine ya kupimia nayo niliiacha na kopo. Tazama akili ya mtu mzima! Niliificha dawa ya kuniokoa ili nisionekane mgonjwa.

Tulikwenda vizuri kiasi cha saa moja na nusu. Kisha jasho likaanza, la baridi, shingoni na mgongoni. Lile vumbi jekundu la gari la mbele nikaliona limekuwa mawili. Nilijua ni nini. Nilijua kabisa, lakini akili yenye njaa ya sukari ni ya ajabu, inakwambia twende tu, bado kidogo. Pasikali ananisimulia kwamba alinisemesha nikamjibu maneno yasiyoeleweka, akadhani nimekunywa kitu kule mjini, na ilimshangaza kwa sababu anajua sinywi. Mimi sikumbuki kuzungumza. Nakumbuka tulianza mteremko, na chini kule, upande wa kushoto, nikaona vitambaa vya rangi vinatembea. Vilinipendeza macho. Nikawa navifuata.

Dada, walikuwa akina mama. Walikuwa wanakwenda gulioni na mihogo vichwani, sita au saba, mmoja ana mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nawafuata na tani saba za maharage.

Pasikali aliurukia usukani. Mzee yule ana miaka hamsini na sita, utosi wote mweupe, lakini aliung'ang'ania kwa mkono mmoja na kwa mwingine akavuta breki ya mkono, gari likaserereka likaegemea upande kwenye mfereji, tairi la mbele limegusa ungo wa muhogo uliotupwa. Wale mama walikuwa wamekimbilia kwenye majani. Niliwasikia wakipiga mayowe, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani. Yule mwenye mtoto hakukimbia. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye bampa, amefumba macho. Namwona mpaka leo. Nikilala namwona, nikila namwona. Mtoto alikuwa na kofia ya sufu ya kijani.

Nilimwambia Pasikali neno moja, tamu. Nipe kitu kitamu. Yeye hakujua ugonjwa wangu, lakini aliuona uso wangu, na anasema alikwisha kuwaona watu wakifa kambini, basi aliujua uso huo. Akatafuta huku na huku. Garini hakukuwa na soda wala biskuti wala punje ya sukari. Kulikuwa na dumu miguuni pake. Aliitazama ile kamba ya mgomba, akaniambia ihangane mwanangu, vumilia, akakata fundo la kwanza kwa meno. La pili akalikata kwa kisu. La tatu lilitoka na kifuniko. Akanimiminia asali kwenye kiganja, nami nikairamba kama ndama, ikanichuruzika kidevuni mpaka kwenye shati, na alipoona haitoshi akanishika kichwa akanimiminia mdomoni. Askari walipofika, tayari yeye alikuwa amepiga magoti tairini na spana, akawaambia dereva amezuia vizuri, ni nati iliyolegea, na mimi nimechafukwa na tumbo. Wale mama aliwasaidia kuokota mihogo. Baada ya robo saa nilikuwa nimerudi kuwa Gasper, nalia.

Kwa hiyo, dada, asali ya Renatus niliinywa mimi.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Lakini kosa kubwa halikuwa barabarani. Jioni ile nilinunua kamba nyingine ya mgomba nikalifunga dumu kwa mikono yangu mwenyewe, mafundo matatu, nikidhani wazee hawataona. Kana kwamba wazee wa Heru Juu wamezaliwa jana! Siku ya posa, wewe ulikuwepo, uliona mzee Tharsisi alivyolipokea dumu, akaligeuza, akalipima kwa mkono, akalirudisha chini bila kulifungua, akasema asali iliyoguswa njiani haiingii kwa binti yake mpaka ijulikane nani aliigusa. Uliona Renatus alivyoinamisha kichwa. Kisha wewe ukanigeukia ukaniuliza mbele ya watu wote, Gasper, nani alikaa na dumu hili? Ungeniuliza nani aliifungua, labda ningesema. Nikajibu kwamba mimi nilikuwa naendesha, sijui, dumu lilikuwa miguuni kwa Pasikali.

Ni kweli lilikuwa miguuni kwake. Nilisema ukweli huo mdogo ili uufunike ule mkubwa. Pasikali alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alinitazama mara moja, akaenda zake kwa miguu mpaka mjini. Tangu siku ile kanisani kwao hawampi tena kapu la sadaka. Juzi nilimfuata nikamwuliza kwa nini hasemi. Aliniambia, kwa Kiswahili chake kile cha Kirundi, kwamba asali ilikuwa ya dada yako, lakini neno ni lako, na mtu haibi neno la mwenziwe. Yeye anangoja.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Hukuniambia kwamba kifo kinaweza kumkosea njia kikamwendea mama mwenye mtoto mgongoni.

Tangu siku ile nimeendesha safari tatu tu, fupi, kila mara kopo liko kifuani na kidole nimekichoma, na bado nakanyaga breki kila nionapo kitenge barabarani. Safari zilizobaki nimemdanganya bosi kwamba naumwa mgongo. Keshokutwa, Alhamisi, saa tatu, nitakwenda ghalani kwa Bwana Elisante na ile barua ya daktari iliyofuliwa. Nitamweleza yote. Nitamwomba aniache niendeshe kwa masharti yale ya daktari Asnath, pamoja na Pasikali ambaye sasa anazijua dalili kuliko mimi. Akikubali, Mungu ambariki. Akitwaa funguo, sitamlaumu, nitajifunza kusukuma mkokoteni. Naogopa, dada. Naogopa kiasi kwamba jana nilifika mpaka mlangoni kwake nikarudi. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza, ili Alhamisi nisiwe na njia ya kurudi.

Wewe basi usije Ijumaa kumfukuzisha Pasikali. Ukija, njoo umpe mkono, na lile neno la ukimbizi ulimeze. Dumu jingine la asali nimelipata Kagerankanda. Mama mkwe wako alifunge yeye, na safari hii alipeleke Pasikali kwa miguu yake mwenyewe, mimi nikitembea nyuma yake, nimwambie mzee Tharsisi mbele ya watu walewale nani aliigusa ya kwanza. Mwambie Renatus anisamehe kwa kumchelewesha.

Nisalimie shemeji, nisalimie mama mkwe wako mwenye mafundo yake, nisalimie majirani wote wanaopokea simu yako. Kezia anakukumbusha uje na mbegu za viazi ulizomwahidi. Mungu akulinde, na goti lako pia.

Ni mimi mdogo wako, mwizi unayemtafuta,

Gasper