Mawe Tuliyoyaondoa

3 Agosti

Kwa kitindamimba wangu,

Naitikia shikamoo yako kabla haijafika: marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Wewe u mzima? Kazi ya kuhesabu mbegu bado inakulisha?

Sasa nikueleze lililonifanya nitafute kalamu. Jana baba yako mdogo alikuja na yule mwenye mashine ya kusaga mawe, huku tunamwita Kokoto. Walizunguka shamba letu lote wakigonga mawe kwa nyundo na kusikiliza, kama mtu anayenunua chungu. Kisha wazee wa ukoo wakaketi. Wamesema ardhi ni ya ukoo, sisi tumepewa tulime tu, na misimu miwili sasa hatujampelekea mwenye kinu anayenunua mtama hata gunia moja. Wametupa msimu huu mmoja. Tukifikisha magunia ishirini ya mtama, tunabaki. Tusipofikisha, Kokoto ataanza kuchimba na sisi tutafute pa kwenda. Nimelima hapa miaka thelathini na minne, mwanangu, na pa kwenda sina.

Baba yako mdogo akasema ardhi hii inazaa mawe tu. Nami nikamjibu mbele ya watu kwamba nina mtoto aliyesomea udongo, na msimu huu tutalima kwa maneno yake. Kwa hiyo niletee hayo maneno, na usikawie, maana mdomo umeshaponza kichwa.

Mimi baba yako


19 Agosti

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Mimi ni mzima, ila mafua kidogo ya vumbi la ghalani. Kila asubuhi nahesabu punje mia, nazilaza kwenye kitambaa kibichi, na siku ya tano nahesabu zilizoota. Bosi anasema nina mkono mwepesi. Mama, magoti uyakande kwa maji ya moto, na usiniambie umesahau.

Baba, barua yako nimeisoma nimesimama. Siku tatu nimepiga hesabu, na naona tatizo letu ni mawe. Theluthi nzima ya shamba imefunikwa. Kila jiwe limekalia nafasi ya shina la mtama. Tena kwa sababu ya mawe hatupandi kwa mistari, plau haipiti, palizi inafanywa kwa mkono, na magugu yanatutangulia. Ndiyo maana tunavuna cha kula tu, cha kuuza hakuna.

Toeni mawe yote. Msiyasogeze pembeni, yatoeni kabisa. Vuteni kamba, mpande mistari iliyonyooka. Natuma mifuko miwili ya mbegu nyeupe inayokomaa upesi, kwa sababu mwenye kinu anataka mtama wa rangi moja. Mfuko mmoja pandeni, mmoja wekeni akiba. Kwa hesabu yangu tutapata magunia ishirini na sita. Nimeirudia mara nne.

Naomba ufanye kama nilivyoandika, usipunguze kitu.

Mwanao


30 Septemba

Kwa mwalimu wangu,

Marahaba, na pole kwa mafua. Sisi tuko salama, ila migongo yetu imefungua kesi dhidi yako.

Mawe tumeyatoa. Nilitengeneza mti wa pembe mbili, nikaufunga kwa ng'ombe, tukawa tunapakia na kuburuta. Wiki tano. Kucha za mkono wa kulia zimebaki tatu. Watu walikuja kutazama kama wanaokuja msibani, wanasimama, wanatikisa kichwa, wanaaga. Baba yako mdogo alicheka akasema namfanyia Kokoto kazi yake bila ujira. Siku mbili baadaye Kokoto akaleta lori, akauliza kama nayataka yale malundo. Uliandika yatolewe kabisa, nikamwambia achukue. Alisomba safari kumi na nne.

Sehemu moja tu imebaki, kona ya chini. Mama yako aliketi juu ya jiwe akasema hapo hapatolewi kitu hata aje aliyesoma mara mbili. Hajaniongelesha tangu juzi. Nadhani ni uchovu.

Shamba sasa limenyolewa. Upepo ukivuma tunakula vumbi na kunywa vumbi. Lakini mistari, mwanangu! Nimevuta kamba mwenyewe, na ukisimama mwanzo unaona mwisho. Tunasubiri mvua.

Mimi baba yako


12 Oktoba

Shikamoo Baba,

Natumaini kucha zinaota na Mama ameanza kusema. Mimi mafua yamekwisha.

Barua yako nimewasomea wenzangu hapa kazini. Nilikuwa najisifu, siwezi kuficha. Mvua ya kwanza ikinyesha ikalowesha udongo kina cha kiganja, pandeni siku hiyo hiyo. Na mwambie Mama kwamba ile kona naihesabu kama ya kwake, isije ikatuharibia magunia.

Mwanao


9 Novemba

Kwa kitindamimba,

Marahaba. Afya ni njema, moyo si mzima.

Mvua ilinyesha siku mbili. Tulipanda, na siku ya sita shamba zima likawa kijani, mistari kama ulivyotaka. Nilimwita baba yako mdogo aje kuona. Alitazama, akavaa kofia yake, akaondoka. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Tangu hapo ni jua. Leo ni siku ya kumi na tatu. Mtama unalala mchana, na asubuhi hausimami tena. Udongo umefanya ukoko, na juu ya ukoko upepo unapeperusha mchanga unaokata majani. Nimechimba kwa kidole, hadi kifundo cha pili ni unga mkavu. Naweza kuhesabu mistari iliyokwisha kufa, lakini sihesabu.

Kona ya mama yako imesimama, shina kwa shina. Wewe uliyesomea udongo niambie, kwa nini kona ile? Na niambie nifanye nini. Nina mfuko ule mmoja wa akiba na sijui niupeleke wapi.

Mimi baba yako


17 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, sitauliza habari za afya, nitaanza na hili.

Kuna mzee hapa ghalani anayerekebisha mizani. Nilimsomea barua yako, akaniuliza, "Na hayo mawe mliyatoa kwa nini?" Nikachukua trei mbili za udongo mmoja, nikazimwagilia maji sawa, moja nikaifunika kwa vijiwe, zote nikaziweka juani uani. Siku ya tano ile tupu ilikuwa imepasuka. Kwenye ile nyingine niliinua vijiwe, na udongo ukanishika kidole.

Mawe ndiyo yaliyokuwa yanaufunika udongo jua lisiunyonye. Mimi nilihesabu nafasi yaliyoikalia, sikuhesabu maji yaliyokuwa yameyakalia. Shuleni tulisoma mashamba yenye mifereji, Baba. Shamba kama letu hatukuliona hata kwenye picha. Ningekuuliza swali moja tu kabla ya kuandika, lakini sikukuuliza. Mimi ndiye niliyeua ule mtama.

Rudisha mawe. Mwombe Kokoto akurudishie. Funika kila mstari, acha ufa wa shina kutokea, halafu mvua ya pili ikija panda ile akiba. Naomba likizo nije kubeba. Nijibu upesi.

Mwanao


6 Desemba

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Ni wiki ya tatu sijapata neno lenu. Labda barua imekwama njiani. Huku mvua ya pili imenyesha, huko je? Mmepanda? Kokoto amekubali? Likizo nimenyimwa hadi msimu wa mbegu uishe. Nimeomba tena.

Mama, kama Baba amekasirika, andika wewe. Nitukaneni hata kwa mstari mmoja, nitaupokea.

Mwanao


23 Desemba

Baba,

Siwezi kufanya kazi. Jana nimehesabu mia mara tatu na kila mara nikapata idadi nyingine. Nimeombwa nikapumzike uani, nikakaa mbele ya zile trei mbili.

Kama mmoja wenu ni mgonjwa, niambieni. Kama mmeshaondolewa, niambieni mko wapi. Naogopa, Baba. Sina neno lingine la kuandika.

Mwanao


2 Machi

Kwa kitindamimba wangu,

Marahaba, na marahaba zote ulizonidai nikakulimbikizia. Tuko hai wote wawili. Barua zako tatu zilifika, ila mkono wangu wa kulia niliuvunja, na mama yako nilimkataza kukujibu, nilitaka kukwambia mwenyewe. Leo ndiyo mara ya kwanza unashika kalamu, kwa hiyo vumilia mwandiko wa kuku.

Nilikwenda kwa Kokoto siku ile ile niliyopata barua yako. Alinionyesha mawe yetu. Yalikuwa yameshasagwa, kila moja ukubwa wa ncha ya kidole, na nusu imeshamwagwa barabarani. Alinionea huruma, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Basi tukaanza kubeba kutoka kwenye korongo kavu kule chini. Tulianzia kwenye kona ya mama yako tukawa tunakwenda nayo juu, mstari kwa mstari. Jiwe moja likanitoka, mkono ukaenda nalo. Mama yako akaendelea peke yake, kwa yale magoti. Nilikuwa nampangia kwa mguu.

Tulifika kwenye njia ya ng'ombe, basi. Sehemu moja kati ya nane ya shamba. Mvua ya pili ilikuja, tukapanda akiba palipofunikwa, na mtama ukasimama, ukachanua, ukajaa. Sijawahi kuona masuke mazito namna ile. Tumevuna magunia matatu na nusu kutoka kipande ambacho ungekivuka kabla hujamaliza kusema hodi. Shamba lingefunikwa lote, tungepita ishirini. Hesabu hiyo nimeipiga mimi, na sijaisoma popote.

Wazee walikuja wakayaona magunia. Nikawaomba msimu mmoja zaidi. Nilipiga magoti, nakwambia wewe tu. Baba yako mdogo akauliza nani alitushauri kutoa mawe. Nikasema, "Niliamua mwenyewe." Wakakataa. Kokoto anaanza kuchimba tarehe moja ya mwezi ujao.

Sasa kuna jambo ambalo siwezi kuhama nalo. Unasema ungeniuliza swali moja. Mwanangu, nilijua. Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo kuliko jembe kwamba jiwe la shambani ni blanketi. Mama yako anajua, ndiyo maana aliketi pale, na ndiyo maana alininunia: aliniambia nikwambie, nikakataa. Tulipokupeleka shule nilisema nakupeleka ukajue nisiyoyajua mimi. Barua yako ilipofika, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza unanifundisha kitu. Nikaona nikikupinga, nimeipinga shule yote na mbuzi wote walioilipia, tena nilikuwa nimeshajitapa mbele ya watu. Nikajiambia labda wamegundua jipya. Nikainama nikatoa jiwe la kwanza huku najua.

Kwa hiyo usiseme tena wewe ndiye uliyeua.

Mama yako anauliza kama huko ghalani wanahitaji mtu wa kuchambua mbegu. Nami naulizia wa pili.

Mimi baba yako


11 Machi

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Namshukuru Mungu mko hai. Mkono usiubebeshe kitu hadi niuone.

Barua yako nimekaa nayo siku mbili nisiweze kujibu kwa hasira. Nimeandika nikachana, nimeandika nikachana. Baba, ungenikatalia. Ungeniandikia maneno matano tu, "Mwanangu, hapa umekosea," ningelia siku mbili, ningenuna kama Mama, na leo tungekuwa na shamba. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shule ya mifereji. Nilihitaji baba, si mwanafunzi.

Nimewaandikia wazee kwamba shauri lilikuwa langu. Halitabadilisha kitu, lakini sikutaka uhame na kosa langu mgongoni.

Njooni. Nina chumba kimoja. Nimeazima kitanda, mimi nitalala chini. Kuchambua mbegu kazi ipo, Mama anaanza wiki ijayo akitaka, wewe mkono ukipona. Mtakaa kwenye benchi nyuma ya meza yangu, na mimi ndiye nitakayewaelekeza kazi. Siku ya kwanza nitasema jambo, na wewe utaona si kweli. Nikatalie hapo hapo, Baba, mbele ya watu wote.

Mwanao